Siku ya Tatu Mpe Jembe

Katika mwaka wa kwanza wa utumishi wangu Ujerumani nilipoteza barua muhimu kwa sababu sikuwa na jina mlangoni.

Katika majengo mengi ya kule vyumba vya wapangaji havina namba. Penye mlango wa kuingilia kuna safu ya kengele na safu ya visanduku vya barua, na kila kimoja kimeandikwa jina la ukoo la anayekaa humo. Tarishi haulizi mtu. Akiliona jina anatumbukiza barua. Asipoliona anairudisha ilikotoka. Mimi nilikuwa nimebandika kipande cha karatasi. Mvua na theluji vikakiondoa, nami sikuweka kingine. Barua iliyorudi ilikuwa na tarehe yangu ya kufika ofisi ya uhamiaji kwa ajili ya kibali cha kuishi. Siku ile ikapita bila mimi kujua, na ikanibidi kusubiri wiki nyingi ili nipangiwe nyingine.

Nilipomweleza mzee anayetunza jengo letu, nilitegemea pole. Badala yake aliniuliza: "Bwana Mchungaji, wewe unaishi hapa, au huishi?"

Nilicheka, nikamjibu kwamba ninaishi. Lakini usiku ule swali lilinikatalia usingizi, maana nilijua kwamba sikumwambia kweli.

Dayosisi yangu ilinituma kwa mkataba wa miaka mitatu kutumika katika sharika za mji mmoja wa Sachsen, mashariki mwa Ujerumani, usio mbali na Leipzig. Mke wangu na watoto walibaki nyumbani, kwa sababu ya shule na kwa sababu ya kazi yake ya uuguzi. Tangu siku ya kwanza nilijiambia kwamba miaka mitatu si kitu. Sanduku langu moja sikulifungua kabisa. Nililiweka nyuma ya mlango kama mtu anayengoja basi. Nilinunua sahani moja, kikombe kimoja na sufuria moja. Lugha nilijifunza kiasi cha kusoma liturujia na kununua mkate. Juu ya meza nilikuwa na kalenda, na kila jioni nilikata siku moja kwa kalamu nyekundu.

Na kila nilipopata mapumziko, nilisafiri. Ulaya inamrahisishia mtu jambo hili. Asubuhi unakunywa chai Leipzig, mchana uko Prague. Nilikwenda Wittenberg, nikasimama mbele ya Kanisa la Ngome. Nilikwenda Prague, nikaiona sanamu kubwa ya Jan Hus, aliyechomwa moto Konstanz tarehe 6 Julai 1415, miaka mia moja na miwili kabla ya hoja 95 za Luther. Nilikwenda Paris na Copenhagen. Kila mahali nilipiga picha nikazituma nyumbani.

Baada ya picha za Paris, mzee mmoja wa kanisa wa usharika wangu wa zamani aliniandikia ujumbe mfupi: "Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji. Tunafurahi kuona unatembea. Huku tumefikia kwenye lenta. Tunakuombea katika kazi uliyotumwa." Hakukuwa na neno la lawama. Lakini niliisoma ile sentensi ya mwisho mara kadhaa.

Ndugu msomaji, ninaposimulia haya sitaki kusema kwamba kutembea ni dhambi. Ningesema hivyo ningekuwa mnafiki, kwani bado ninasafiri. Swali langu ni jingine, nalo linawahusu wengi ambao hawajawahi kupanda ndege: Mtu anayejua kwamba ataondoka anadaiwa nini na mahali alipo sasa?

Jibu la haraka ni kwamba hadaiwi kitu zaidi ya kazi yake. Afanye alichoajiriwa kufanya, asimdhuru mtu, siku zake zikiisha aende. Na Mkristo anaweza hata kulipa jibu hilo vazi la Maandiko. Je, waraka kwa Waebrania hausemi katika sura ya 13 kwamba hapa hatuna mji udumuo? Paulo hawaambii Wafilipi kwamba uraia wetu uko mbinguni? Basi yule asiyefungua sanduku lake ndiye mwenye imani zaidi. Anaishi kama msafiri, kama tunavyopaswa kuishi wote.

Mimi nilijitetea hivyo kwa muda mrefu. Nilikuja kugundua kasoro ya utetezi huo katika kitabu cha Yeremia.

Kila mhubiri anaijua sura ya 29, ile barua kwa mateka wa Babeli inayowaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuutafuta usalama wa mji ule na kuuombea. Lakini mara nyingi tunairuka sura ya 28. Humo yumo nabii Hanania, aliyesimama hekaluni na kutangaza kwamba mambo yatakwisha katika miaka miwili. Vyombo vya hekalu vitarudi, mfalme atarudi, mateka watarudi. Ulikuwa ujumbe mtamu. Ninajaribu kuwawazia wale waliousikia kule Babeli. Nani atapanda mtini kwa ajili ya miaka miwili? Nani atamjua jirani? Barua ya Yeremia iliwafikia watu wenye masanduku nyuma ya mlango.

Mtu atasema: wale walikuwa na miaka sabini mbele yao, wewe ulikuwa na mitatu. Ni kweli, na hoja hii niliishika nayo kwa muda. Kisha nikaangalia mkataba wa Mtume Paulo, kama naweza kuuita hivyo. Korintho alikaa mwaka mmoja na miezi sita, akishona mahema pamoja na Akila na Prisila, ambao nao walikuwa wamefukuzwa Rumi. Rumi alikaa miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga kwa fedha yake, akingoja kesi, na mlinzi kando yake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "mimi niko hapa kwa muda tu", ni yeye. Lakini Luka anamaliza kitabu cha Matendo kwa kutuonyesha mlango wa nyumba ile ya kupanga ukiwa wazi, na Paulo akiwapokea watu wote waliomwendea. Kwa hiyo urefu wa siku hauamui jambo. Miaka sabini inaweza kupita kama ya mgeni, na miaka miwili inaweza kuwa ya mkaazi.

Baba yetu Martin Luther alizipitia hali zote mbili. Akiwa mtawa kijana alitumwa Roma kwa shughuli za shirika lake, katika majira ya baridi ya mwaka 1510 kuingia 1511 kwa hesabu ya kawaida, akakaa yapata mwezi mmoja. Baadaye alisimulia mwenyewe jinsi alivyokimbia kutoka kanisa hadi kanisa, akiamini kila alichoambiwa, ili asikose baraka hata moja. Alikuwa akikusanya. Miaka kumi baadaye, Mei 1521, alifichwa katika ngome ya Wartburg, juu ya mji wa Eisenach. Hakupachagua mahali pale. Alivalishwa nguo za kishujaa na kufuga ndevu ili asitambulike, mwili ulimsumbua, na upweke ulimtesa. Naye hakujua angekaa muda gani. Ilikuja kuwa miezi kumi. Katika miezi hiyo ya mpito alikaa mezani, na kwa takriban wiki kumi na moja akalitafsiri Agano Jipya lote kwa Kijerumani. Lilichapishwa Septemba 1522.

Nilikwenda Wartburg pia. Chumba kile ni kidogo, kuta za mbao, meza moja. Niliwaza kalenda yangu yenye mistari myekundu, nikaona haya. Luther wa Roma alikuwa na mwezi mmoja akautumia kukimbia. Luther wa Wartburg alikuwa na siku zisizojulikana, akafanya kazi ambayo mahali pale na saa ile viliiruhusu.

Lakini mafundisho ya kitabuni hayanibadilishi upesi. Kilichonigusa zaidi ni maua.

Chini ya chumba changu anakaa mama mmoja mzee, mjane. Alikulia wakati wa utawala wa kikomunisti wa Ujerumani Mashariki, na kama wengi wa rika lake katika eneo lile hakubatizwa. Dirishani mwake alikuwa na maua mekundu kwenye visanduku virefu. Siku moja katika kiangazi aligonga mlango wangu, akaniambia kwamba anaingia hospitali kufanyiwa upasuaji wa nyonga, akaniuliza kama ningeweza kuyamwagilia. Alikuwa ameshika ufunguo mkononi tayari. Mimi nilikuwa na likizo, na nilikuwa nimeshakata tiketi. Nikamwambia kwa Kijerumani changu kibovu kwamba samahani, nitakuwa safarini. Akasema hakuna shida, akashuka ngazi polepole na ufunguo wake.

Nilipanga safari yangu, nikaimaliza, nikarudi. Maua yalikuwa yamekauka yote. Kila nilipopita uani niliyaona yakining'inia kama majani ya tumbaku. Yeye alirudi baada ya wiki kadhaa akitembelea magongo mawili. Nilimwendea kumwomba radhi. Hakukasirika hata kidogo. Aliniambia tu: "Nilikuuliza wewe kwa sababu niliambiwa wewe ni mchungaji. Sikujua kwamba wewe ni mpitaji."

Hapo nilielewa ninachodaiwa. Yule mama hakuniomba nimhubirie, wala hakuniomba nihamie kwake daima. Aliomba maji ya siku kumi na nne, na siku hizo kumi na nne zilikuwa ndani ya mkataba wangu. Nilikuwa nimetumwa kutoka Tanzania hadi pale, kwa nauli ya sadaka za watu, niwe shahidi wa Kristo kati ya watu ambao wengi hawamjui. Mmoja wao alipopanda ngazi na ufunguo mkononi, mimi nilikuwa njiani kwenda kuangalia makanisa ya zamani.

Wahenga wetu walilijua jambo hili walipotuachia methali ile: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi tunaitumia kwa utani, kumsema mgeni anayekula bila kufanya kazi. Lakini angalieni heshima iliyomo. Kumpa mtu jembe ni kumwambia kwamba shamba hili sasa ni lako pia. Hakuna aliyemwuliza ataondoka lini. Hata akiondoka kabla ya mavuno, mstari aliolima umelimwa. Yule mama alinipa jembe, nami nikalikataa.

Baada ya hapo nilikumbuka waliotoka kule kuja kwetu. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuwa wageni wa wakoloni na walikuwa na makosa yao; tunayafundisha chuoni wala hatuyafichi. Lakini wengi wao waliketi chini wakajifunza lugha ya kila mlima. Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, alitumika kwa Wachagga hadi 1938, ukiacha miaka aliyolazimika kuwa nje baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ewald Ovir na Karl Segebrock hawakupata hata muda wa kuanza. Waliuawa Akeri, Meru, mwaka 1896, na damu yao bado tunaikumbuka. Sikuweza kuwaheshimu hao kwa mahubiri ya siku ya kumbukumbu, huku mimi nikiona taabu kuandika jina langu mlangoni mwao.

Hata hivyo, kuna kitu kimoja kilichonizuia, nacho nikiseme kwa uwazi kwa kuwa najua wengi wanacho. Niliogopa kwamba nikitulia huku, nitakuwa nimewasaliti wa nyumbani. Mke wangu alikuwa akilea peke yake. Watoto walikuwa wanakua mbali nami. Kula kwa furaha, kununua zulia, kupata rafiki: mambo haya yalionekana kwangu kama kusema kwamba naweza kuishi bila wao. Sahani moja na kikombe kimoja vilikuwa namna yangu ya kufunga kwa ajili yao. Nilimweleza mke wangu kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba watoto, sisi hatuhitaji uteseke ndipo tujue unatupenda. Ukikaa vibaya huko, unatupigia simu ukiwa na huzuni, na huzuni hiyo tunalala nayo sisi."

Kwa hiyo tusichanganye kutulia na kuhamia. Dietrich Bonhoeffer anatusaidia kutofautisha. Mwaka 1930 alikwenda New York kusoma kwa mwaka mmoja. Alisafiri sana, hata Cuba na Mexico. Lakini pia alifundisha shule ya Jumapili katika kanisa la Abyssinian Baptist huko Harlem, kati ya Wamarekani weusi. Alipewa jembe, akalipokea, na mwaka ule ulimbadilisha. Mwaka 1939 alikwenda New York tena, safari hii mahali salama, vita ikikaribia. Hata mwezi haukutimia. Aliona kwamba shamba lake lilikuwa Ujerumani, akapanda meli akarudi, na tarehe 9 Aprili 1945 akanyongwa Flossenbürg. Mtu yuleyule, katika mji uleule, mara ya kwanza alikaa na mara ya pili aliondoka, na mara zote mbili alikuwa mtiifu. Hakujiuliza ni wapi atakaa siku nyingi zaidi. Alijiuliza ni wapi Mungu anamdai leo.

Swali hilo ndilo linalotenganisha safari na safari. Naweza kwenda Roma nikiwa nimewaacha watu wangu, na naweza kwenda Roma nikiwa nimewabeba. Mwaka jana nilikwenda. Kabla ya kuondoka niliwauliza jirani na wazee wa usharika kama kuna linalonihitaji wiki ile. Nilipofika, nilisali kwa ajili ya sharika mbili, ile inayomalizia lenta na ile yenye waabudu kumi na wawili katika kanisa la viti mia nne. Niliona machache kuliko Paris, nikarudi nimepumzika zaidi.

Na jina? Nilikwenda kwa fundi, nikachongesha kibao kidogo cha shaba cha kisanduku cha barua na kingine cha kengele. Kwa wiki ya kwanza niliona aibu kila nilipopita, kana kwamba nimejipa kitu kisicho changu. Kisha yule mama wa chini akanisimamisha akitaka nimfundishe kulitamka jina langu. Alilijaribu mara nne. Kiangazi kilichofuata alikwenda kwa binti yake kwa wiki mbili, na safari hii mimi ndiye niliyeomba ufunguo. Bado hajabatizwa, na sijui kama atabatizwa. Jumapili moja ya Majilio alikuja kanisani, akakaa kiti cha nyuma, akaondoka kabla ya kahawa. Hilo namwachia Bwana. Mimi nilipewa maua.

Ipo gharama, nami sitaificha. Anayetulia ataumia siku ya kuondoka. Matendo sura ya 20 inatuambia kwamba Paulo aliwaaga wazee wa Efeso baada ya kukaa nao miaka mitatu, nao walilia sana, wakamwangukia shingoni, wakamsindikiza hadi melini. Miaka mitatu, mkataba kama wangu! Mtalii hasindikizwi na mtu. Haachi pengo, wala halii. Nilipokuwa nakata siku kwa kalamu nyekundu, nilidhani najilinda na maumivu ya upweke. Kumbe nilikuwa najilinda na machozi ya Efeso, na machozi hayo ni mshahara wa mtu aliyependa.

Nimeandika habari za Ujerumani, lakini ninawafikiria ninyi. Namfikiria mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali, ambaye mwaka wa nne sasa anangoja uhamisho na hajui jina la mwenyekiti wa kijiji. Namfikiria muuguzi, askari, mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba. Namfikiria mtumishi aliyehamia Dodoma na ofisi yake, ambaye Jumapili analala kwa sababu "usharika wangu uko Dar", na anapokwenda Dar hasali kwa sababu amechoka na safari. Kila mmoja wao anasema maneno niliyoyasema mimi: hapa niko kwa muda tu. Ndugu zangu, ni kweli mko kwa muda. Hata yule aliyezaliwa hapo na kujenga hapo yuko kwa muda. Kwa hiyo sababu hiyo haiwezi kumpunguzia mtu wajibu, maana ingetupunguzia sote.

Kama barua yako ya utambulisho kutoka usharika wa zamani bado iko kwenye droo, Jumapili hii ipeleke kwa mchungaji. Mjue anayekaa upande wa pili wa ukuta wako. Ukiletewa jembe, usiulize mavuno ni lini.

Mimi nimebakiwa na miezi saba. Kalenda iko bado juu ya meza, ila sasa naandikia humo siku za kuzaliwa za watu. Bwana atusaidie sote kukaa vema mahali alipotuweka, hadi atakapotuita.